Migomba ya Kukaribisha Rali

Mimi ni mtu anayeweza kuogopa jambo ambalo halijazaliwa. Simu ikilia kwa namba nisiyoijua, huwa nimeshaomba msamaha moyoni kabla sijaipokea. Kwa hiyo mkuu wa njia aliponikabidhi kona moja ya kusimamia siku ya tamasha la magari, kona moja tu, nililala nayo, nikaamka nayo, nikaila na ugali.

Madereva maarufu wa rali na waendesha pikipiki za mashindano walikuwa wanakuja kwetu. Hawakuja kushindana, walikuja kuonekana. Wangeondoka mjini Kisii, wapite Nyamira, wapande vilima vya chai hadi uwanja wa shule karibu na Nyaramba, na huko pikipiki zingeruka vichuguu vya udongo na magari yangezungushwa mpaka vumbi lifunike mlingoti wa bendera. Hawa ni watu tuliokuwa tukiwatazama kwenye simu tukiwa tumelala. Alikuwamo dereva mwanamke aliyeshinda mbio nyingi kiasi kwamba kwetu, msichana akitembea kwa madaha, ataulizwa kama anadhani yeye ndiye mama wa rali. Alikuwamo pia kijana wa pikipiki anayejulikana kwa kuachia mikono akiwa hewani, kitu ambacho vijana wa bodaboda wa kwetu walikijaribu mara moja, wakaacha.

Waandaaji walitaka Jumamosi. Walielezwa kwa upole kwamba Jumamosi nusu ya mlima huu iko kanisani na nusu iliyobaki haitaki kuonekana njiani na nusu ya kwanza. Jumamosi hata ukileta ndege itatazamwa na migomba peke yake. Basi ikawa Jumapili alasiri, Wakatoliki wakiwa wametoka misa na Wasabato wakiwa wamepumzika vya kutosha.

Mkuu wa njia alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia iliyofifia. Enzi zake alikuwa akiketi kando ya madereva wakubwa na kuwasomea njia, kona baada ya kona, huku gari likienda kama limeibwa. Alitukusanya sisi vijana wa kusimamia njia, akatugawia riflekta, bendera na simu za upepo, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Sitafuti shujaa. Natafuta mtu ambaye gari halipotei kwenye kona yake. Basi. Atakayelinda kona yake vizuri, nitaondoka naye. Kuna kazi ya kudumu."

Kazi ya kudumu. Nina shahada ya usimamizi wa miradi, na mradi pekee niliokuwa nimeusimamia tangu nihitimu ulikuwa ng'ombe wa nyanya yangu. Wenzangu waliposikia maneno hayo walipiga makofi. Mimi nilianza kuhesabu njia zote ambazo gari linaweza kupotea.

Kona yangu ilikuwa juu tu ya kwetu. Barabara inatoka darajani, inapanda, inapinda mara moja, halafu inafika kwenye njia panda. Ukienda moja kwa moja unateremka mtoni, na huko hakuna pa kugeuzia gari. Ukikata kushoto unafika uwanjani. Mkuu alikuwa amepanga mshale wa karatasi. Niliutazama ule mshale nikaona mvua ikiulowesha, upepo ukiung'oa, mbuzi akiula. Niliona bingwa wa taifa akiwa mtoni, maji yakimfika kiunoni, akiuliza nani alikuwa kwenye ile kona.

Ndipo nikapata wazo, na nikiri kwamba nililipenda sana. Nilimwendea mkuu nikamwambia, "Kwa nini tusipande migomba? Miwili, mmoja huku mmoja kule, tuipambe maua, iwe kama lango. Inaonekana kutoka mbali, mbuzi hawezi kuimaliza, na ni ya bure."

Alinitazama. "Umesomea nini wewe?"

"Usimamizi wa miradi, mkuu."

"Inaonekana." Sikujua kama ni sifa. Bado sijui. Lakini alichukua simu yake hapo hapo akawapa madereva maagizo mapya: mkivuka daraja, upande wa kushoto mtaona lango la migomba. Kateni hapo.

Sasa, mtu mwingine yeyote angekuwa na haki ya kukosea kama nilivyokosea. Mimi sikuwa nayo. Mimi nimezaliwa hapa. Nimeona migomba ikikatwa na kupandwa langoni kila harusi, kila mtoto anaporudi na shahada, kila askofu anapopita. Iliwahi kupandwa langoni kwetu kwa ajili yangu, siku ya mahafali, na ikanyauka kabla sijapata kazi. Kwetu siku ya wageni ukiacha lango lako tupu, watu wanasimama njiani wanaulizana nani amefariki. Haya yote niliyajua kama ninavyojua jina langu, na ndiyo sababu sikuyafikiria.

Nilipata hata onyo. Jumamosi, nyanya aliporudi kanisani, alikuta jirani yetu wa ng'ambo ya barabara amepamba lango lake. Jirani huyo ni Mkatoliki, kwa hiyo Jumamosi kwake ni siku ya kazi kama nyingine. Alikuwa amepanda migomba mizuri, amefunga bugenvilia, na sasa alikuwa amesimama katikati ya barabara akijifanya anafagia. Nyanya asingeweza kugusa panga mpaka jua lizame. Alitoa kiti nje, akakaa alasiri nzima akilitazama lango la jirani, Biblia mapajani, midomo imekaza.

Mimi niliiona ile migomba ya jirani nikapata kijasho, nikaketi kulipima jambo hilo kutoka kila upande. Lango la jirani liko kulia. Madereva wameambiwa kushoto. Kushoto, kutoka darajani hadi kwenye kona yangu, ni chai tupu. Nikajihakikishia kwamba hakuna hatari. Chai tupu, nilisema, na lango letu.

"Mume wangu," nyanya aliniita. Nyanya wa kwetu, magokoro kwa Kigusii, huwaita wajukuu wa kiume waume zao. Huyu wangu akikasirika husema atadai talaka. "Hao wageni wako watapita mbele ya lango letu?"

"Watapita, magokoro."

"Na sisi tutakaa tu hivi, kama wafiwa?"

Nilikuwa nafikiria kama bendera ishikwe kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Nikasema, "Mmh."

Kwetu "mmh" ni ruhusa.

Jumapili niliondoka kabla hakujapambazuka vizuri, nikapitia njia ya mkato katikati ya chai, umande ukinilowesha magoti. Nilipanda migomba yangu miwili pale njia panda. Haikuwa mibaya. Mmoja uliinama kidogo, nikaona utanivunjia heshima, nikauegemeza kwa mti. Halafu nikasimama pale, saa baada ya saa, nikibadilisha mkono wa bendera.

Binamu yangu wa bodaboda alikuja kunipa kampuni. Yeye hajawahi kuwaza jambo mara mbili tangu azaliwe, na huwa tunapendana kwa sababu hiyo. Aliegesha pikipiki yake akaketi juu yake kama mtu anayesubiri nywele zikauke.

"Buda, pumua. Unaonekana kama unaenda kufanyiwa upasuaji."

"Gari likipotea hapa nimekwisha."

"Likipotea litafika wapi? Mtoni. Litalowa, litatolewa. Manze, hata mimi nimewahi kulala huo mto na abiria. Abiria alilipa."

Umati ulikuwa umeshapita kuelekea uwanjani, mama zetu na vitambaa vyao vya kichwani vya Sabato, vijana na miwani ya jua iliyoazimwa. Kutoka kule tulisikia vipaza sauti vikijaribiwa. Kisha simu ya upepo ikakohoa. "Wamevuka daraja. Kona ya migomba, jiandae."

Sauti ilitangulia. Kwanza niliisikia miguuni, halafu kifuani. Ilikuwa kama radi inayopanda mlima kwa hasira. Ndege waliruka kutoka kwenye chai wote kwa pamoja. Binamu alisimama, akavua kofia, sijui kwa nini. Nikainua bendera kwa mkono wa kulia, nikaihamishia kushoto, nikairudisha kulia. Juu ya ukingo wa chai tuliona vumbi jekundu likipanda, likikaribia mpindo.

Halafu vumbi likaenda kando.

Sijui nieleze vipi. Lilikuwa linakuja, na ghafla likakata kuelekea nyuma ya migomba ya kwetu, na ile radi ikageuka kuwa ngurumo ya kitu kilichofungiwa chumbani. Gari la pili likafuata. La tatu. Kisha pikipiki, sauti zao nyembamba kama nyuki waliokasirishwa, zote zikageuka pale pale. Mahali pa vumbi tukasikia kuku. Na juu ya kuku, kigelegele kimoja kirefu ninachokijua tangu utotoni.

"Buda," binamu akasema polepole, "hiyo si sauti ya nyanya?"

Nilikimbia. Nilifika kwenye mpindo nikaona kitu nilichopaswa kukiona mapema kuliko mtu yeyote duniani. Nyanya hakuwa amepanda migomba miwili. Alikuwa amepanda safu nzima, na kwa kuwa ya jirani ilikuwa migomba mitupu, yeye alichagua yenye mikungu, ndizi mbichi zikining'inia pande zote mbili kama taa. Ilikuwa imefungwa juu kwa kanga nyekundu. Lango langu la njia panda, ukililinganisha na lile, lilikuwa kama mlango wa choo.

Ng'ambo ya barabara jirani alikuwa amesimama na fagio lake, ameshindwa. "Wameingia kwake," aliniambia kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. "Wote! Mimi hata mmoja!"

Ndani ya boma magari ya rali yalikuwa yamejipanga kati ya jiko na zizi la ng'ombe. Pikipiki zilikuwa zimezunguka mparachichi. Yule kijana wa kuachia mikono alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake huku kuku mmoja, kwa hofu, akiwa amemrukia mapajani, naye amemshika kwa mikono yote miwili. Ng'ombe wangu, mradi wangu, alikuwa anatafuna na kutazama kana kwamba alijua tangu zamani kwamba watu hawa watakuja.

Mlango wa gari la mbele ukafunguka. Akatoka mama wa rali mwenyewe, akavua helmeti, akaangaza huku na huku akitafuta umati.

"Uwanja ndio huu?"

Kabla sijajibu, nyanya alikuwa ameshafika mbele yake. Hakujua huyu ni nani, hajawahi kumwona kwenye simu yoyote. Alichojua ni kwamba mgeni amepita chini ya migomba yake. "Soa!" akasema, akimwonyesha mlango wa nyumba kwa mkono mzima. "Soa, soa!"

"Anasema uingie ndani," nikamwambia yule bingwa. "Lakini samahani sana. Hapa si uwanjani. Hapa ni kwetu. Ni kosa langu. Uwanja uko mbele, ukikata—"

"Si tuliambiwa lango la migomba, kushoto?" Aligeuka akalitazama. "Nikaona na ndizi zimening'inizwa. Nikasema hawa watu wamejitahidi!"

Mwenzake wa kusoma njia, kijana mwembamba aliyekuwa bado amefungwa mikanda, alitoa kichwa dirishani. "Mimi nilisema mbona kuna zizi."

Simu ya upepo ikalia kiunoni mwangu. "Kona ya migomba. Magari yako wapi? Uwanja mzima unasubiri. Kona ya migomba!"

Niliishika ile simu nikaiangalia. Niliona kazi ya kudumu ikiondoka, ikiteremka barabarani polepole, haina hata haraka. Nilifikiria kusema tairi limepasuka. Nikafikiria ni tairi la gari gani, na litaonyeshwa wapi. Nikabonyeza.

"Mkuu, wako kwa nyanya yangu."

Simu ikakwaruza.

"Rudia?"

"Wameingia kwa nyanya yangu. Wote. Alipanda migomba."

"Watoe," simu ikasema.

Ilikuwa rahisi kwake kusema. Nilimgeukia nyanya nikamweleza kwa Kigusii, haraka na kwa adabu, kwamba hawa ni watu wakubwa, wanasubiriwa na umati, lazima waondoke sasa hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wamekunywa nini?"

"Hawajanywa kitu, magokoro. Hawana muda."

"Basi hawajaingia bado. Mtu asiyekunywa hata funda moja amepita tu. Unataka yule wa ng'ambo aseme walinipita?"

Bingwa akauliza nyanya anasema nini. Nilisimama kati yao nikitafuta namna ya kulainisha jambo hilo, nikaona halilainiki. Nikamtafsiria lote, hata habari ya jirani.

Alicheka mpaka akaegemea gari. "Leta chai," akasema.

Kumbe chai ilikuwepo. Nyanya huwa na birika kubwa jikoni Jumapili kwa ajili ya wachumaji, na vikombe vya bati vilianza kutoka kimoja baada ya kingine, na ndizi za kuchemsha kwenye sinia. Watu waliokuwa wakielekea uwanjani walisikia habari wakarudi, wakajaa uani na kwenye chai mpaka juu ya kingo. Vijana wa boda waliizingira pikipiki ya yule bingwa wa kuruka kama wanunuzi mnadani.

"Haina taa. Giza likimkuta njiani je?"

"Haina hata kiti cha abiria. Sasa huyu anakula nini?"

"Niulize mimi," yule kijana akajibu, ndizi mdomoni, kuku bado kwapani. "Kiti kilikuwapo. Abiria alipanda mara moja, hakurudi tena."

Nyanya alikuwa ameushika mkono wa mama wa rali, ameugeuza kiganja juu. Alipapasa vidole, akapapasa sugu zilizo chini yake. Kisha akaweka kiganja chake kando ya kile, nacho kilikuwa na sugu za chai za miaka mingi, na akavitazama viwili hivyo.

"Mwambie mkono huu haulali," akaniambia. "Mwambie mimi niliudhani utakuwa laini."

Nilimwambia. Mama wa rali akakiacha kiganja chake pale pale, kando ya kile cha nyanya. Kisha simu ikalia tena kiunoni mwangu, kwa sauti ambayo haikuhitaji simu; ingeweza kufika yenyewe kutoka uwanjani.

"Wanatoka sasa, mkuu!" nikapiga kelele. Na kwa kweli walianza kuvaa helmeti. Lakini nyanya alikuwa ameingia ndani akatoka na kitambaa chake cha kanisani kichwani na viatu vizuri.

"Unaenda wapi, magokoro?"

"Kusindikiza wageni. Au siku hizi wanaondoka peke yao?"

Nilitaka kumweleza kwamba magari haya hayasindikizwi kwa miguu. Mama wa rali alikuwa ameshanusa kinachoendelea. "Anataka kutusindikiza?" Akagonga dirisha la upande wa pili. "Toka," akamwambia mwenzake wa kusoma njia. "Leo ninasomewa na mwenye njia."

Walimfunga nyanya mikanda kama mtoto anayefungwa mgongoni. Helmeti ilipitishwa juu ya kitambaa cha kanisani, na macho yake yakabaki yanachungulia kama ya mtu aliye dirishani kwake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria moyo wake, shinikizo lake la damu, wajomba zangu watakaouliza. "Nitaenda taratibu," mama wa rali aliniambia, akaniona usoni, akaongeza, "Naapa. Wewe nenda kwenye kona yako."

Kona yangu! Nilikuwa nimeiacha tupu. Binamu, aliyekuwa amenifuata na pikipiki, alinipakia, yule kijana wa kusoma njia akajibana nyuma yangu na miguu mirefu, tukapaa mlimani mbele yao. Niliruka chini pale njia panda nikiwa na bendera mkononi, mkono upi sikumbuki.

Wakatokea kwenye mpindo. Gari la mbele lilikuwa linanguruma lakini linatembea kama bi harusi, na ndani yake, upande wa kushoto, nyanya amekaa wima. Niliinua bendera nikaelekeza kushoto. Nilidhani atanipungia mkono. Hakunitazama hata. Alikuwa anatazama barabara, na walipofika kwangu aliinua mkono wake wa kushoto nje ya dirisha, akaonyesha kushoto kwa kidole kimoja, kama anavyomwonyesha ng'ombe njia ya kwenda kunywa maji. Gari likakata. Yote yakakata. Pikipiki zikafuata, na yule kijana akaachia mikono papo hapo ardhini, kwa heshima yetu sisi tuliosimama pale. Hakuna hata moja lililokwenda mtoni.

Kelele iliyotoka uwanjani walipoingia siwezi kuiandika. Mtangazaji alikuwa anataja majina ya mabingwa, akafika gari la kwanza akakwama. Simu ikalia.

"Kona ya migomba. Aliyeketi gari la mbele ni nani?"

"Nyanya yangu, mkuu. Anasindikiza wageni."

"Sawa," simu ikasema. Nilisimama kwenye kona mpaka tamasha likaisha, nikilichambua lile neno. Sawa ya kukubali hushuka mwishoni. Sawa ya kufukuza mtu nayo hushuka.

Jua lilipoanza kulala juu ya chai nilirudi nyumbani. Nyanya alikuwa ameletwa na umati, ameketi uani, bado na vumbi jekundu kwenye nyusi. Mezani alikuwa ameacha kikombe kimoja cha bati kimefunikwa kwa kisahani.

"Cha nani?"

"Cha yule msichana. Hakumaliza."

"Magokoro, yule ana ndege ya kuwahi."

"Anaendesha vizuri," alisema, kana kwamba sikusema kitu. "Lakini kumbe rali ndiyo ile? Boda ya binamu yako hupita hapa mbio kuliko ile. Nilimwambia."

"Ulimwambia kwa lugha gani?"

"Alielewa."

Na kweli alielewa, kwa sababu muda mfupi baadaye tulisikia pikipiki ikiteremka kutoka upande wa uwanjani, na juu ya mlio wake sauti ya mwanamke ikipiga mayowe. Binamu aliingia chini ya migomba kama kawaida yake, yaani kama mtu anayefukuzwa. Nyuma yake alikuwa bingwa wa taifa, amefumba macho, amemkumbatia kwa mikono miwili na miguu.

"Mwambie apunguze!" alikuwa analia. "Mwambieni huyu apunguze!"

"Mama wa rali ameomba msamaha kwa boda yangu!" binamu akatangazia mlima mzima. "Jirani, umesikia? Shuhudia!"

Nyuma yao pikapu ya mkuu wa njia ikaja taratibu, ikasimama langoni. Mkuu akashuka. Aliitazama ile migomba mmoja mmoja, mpaka juu, mpaka kanga.

Nyanya hakumpa nafasi ya kuanza. Alimkalisha, akampa ugali wa wimbi na mboga ya saga, na kwetu mtu hagombi na chakula kikiwa mbele. Alikula. Alipofika katikati akaniambia, bila kuinua kichwa, "Nilisema nini siku ya kwanza?"

"Utaondoka na mtu ambaye gari halipotei kwenye kona yake."

"Kwako lilipotea?"

"Yote yalipotea, mkuu."

"Yote." Alitafuna. "Nimesoma njia miaka mingi. Gari likipotea, watu wa pale hutupigia kelele, au hutuuzia maji. Sijawahi kupotea nikapewa vikombe." Akaosha vidole. "Kazi ya kona sikupi. Huiwezi, unawaza sana. Nataka uwe unatangulia. Kabla hatujachora mshale popote, uende ukae na watu wa njiani, ujue wanapokeaje wageni. Unaanza wiki ijayo."

Nilimtafsiria nyanya, kwa kuwa sikuamini Kiswahili changu mwenyewe. Nikamuuliza mkuu kama amesema sikupi kazi au nakupa kazi. Akasema ndiyo. Nikamuuliza ndiyo ipi.

"Muache ale," nyanya akasema. "Na mwambie akikuchukua akurudishe kwa ajili ya ng'ombe. Sitaki mume wa kuniandikia barua."

Mama wa rali aliinua kisahani, akanywa chai yake iliyopoa mpaka chini, akakipindua kikombe ili nyanya aone. Nyanya akachukua panga. Safari hii jua lilikuwa linamruhusu. Akaangusha mkungu mmoja kutoka kwenye lango, wa upande unaotazama kwa jirani, akampa mgeni wake. Mkuu akasema uwekwe kwenye pikapu. Mama wa rali akakataa. Alisema amekuja na boda na atarudi uwanjani na boda, akafumba macho tayari kabla hajapanda.

Tuliwasindikiza hadi barabarani, nyanya mbele, mimi nyuma. Binamu aliwasha. Tulimwona bingwa akiukumbatia mkungu kwa mkono mmoja na binamu kwa mkono mwingine, tukayasikia mayowe yake yakipanda mlima mpaka njia panda, pale migomba yangu miwili ilipokuwa imesimama, mmoja bado umeinama. Hapakuwa na mtu wa kupunga bendera. Walikata kushoto.